Ngozi haisahau: kwa nini sima, hereni na kobalti vinamgeuka mtu baada ya miaka mingi

Fundi wa kujenga anaweza kuchanganya sima kwa mikono mitupu miaka kumi bila kupata shida yoyote. Mwaka wa kumi na moja, vidole vinaanza kuwasha usiku. Kiisha ngozi inapasuka, maji yanatoka, mikono inavimba. Anapumzika wiki mbili, anapona. Anarudi kwenye kazi, na baada ya siku mbili tu yote yanaanza upya. Majirani wanasema ni upele. Wengine wanasema kuna mtu mwenye wivu aliyemtupia kitu. Kwenye farmasi wanamuuzia pomadi. Hakuna anayeishitaki sima, kwa sababu sima ni ileile ya siku zote.

Ni kweli, sima haikubadilika. Kilichobadilika ni mwili wa fundi. Kinga ya mwili wake imejifunza kuona adui ndani ya sima, na ikishajifunza haisahau tena. Waganga wanaita hali hiyo alerji ya kugusa. Kiswahili cha vitabu kinasema mzio. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si uchafu, wala si uchawi. Tafiti zilizofanyika hasa Ulaya na Amerika ya Kaskazini zinaonyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano ana alerji ya namna hiyo kwa kitu kimoja au zaidi, na kitu kinachoongoza ni nikeli, madini yanayopatikana kwenye hereni za bei nafuu, vifungo vya suruali na chuma cha mukaba.

Kwa mtu wa ofisi, alerji hiyo ni usumbufu. Kwa fundi, msusi wa nywele, mama wa usafi au mchimbaji, ni jambo la mkate wa kila siku, kwa kuwa mikono ndiyo chombo chake cha kazi.

Si kila muwasho ni alerji

Kuna mambo mawili ambayo watu wengi wanayachanganya. Sima ikisha kuchanganywa na maji inakuwa na ukali kama wa magadi. Ukali huo unaunguza ngozi ya mtu yeyote, awe fundi mzee au kijana wa siku ya kwanza. Anayepiga magoti katika sima mbichi saa nyingi anaweza kupata vidonda siku hiyohiyo. Hiyo si alerji, ni kuungua.

Alerji inakwenda kwa njia nyingine. Haimpati kila mtu, inampata yule tu ambaye mwili wake umekwisha kujifunza. Haitokei papo hapo. Mara nyingi inachukua siku moja hadi tatu baada ya kugusa, ndiyo maana wengi hawaoni uhusiano kati ya kazi ya Jumatatu na malengelenge ya Jumatano. Na haihitaji kiasi kikubwa: kidogo tu kinatosha kuamsha moto wote. Inaweza hata kupita mahali palipoguswa na kufika kwenye mikono ya juu au usoni.

Lakini mambo hayo mawili yanasaidiana. Ngozi iliyounguzwa na kupasuliwa na sima ni kama nyumba iliyovunjwa mlango. Ndani ya sima mna kiasi kidogo sana cha kromu, kinachotoka katika mawe na udongo wa kuitengenezea, na moto mkali wa tanuru unaigeuza sehemu yake kuwa kromu sita, aina inayoyeyuka katika maji na kupenya ngozi kwa urahisi. Kromu hiyo ndiyo inayoleta alerji ya sima. Mwenye mikono mizima anaipa nafasi ndogo ya kuingia. Mwenye mikono iliyopasuka anaifungulia njia.

Kipande cha kitambaa mgongoni

Namna ya kugundua alerji hiyo ina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1895, katika mkutano wa waganga wa ngozi uliofanyika mjini Graz, Austria, munganga Mjerumani Josef Jadassohn alieleza jambo aliloliona kwa wagonjwa waliotibiwa kwa zebaki. Wengine waliota vipele vikali. Jadassohn hakubahatisha: alichukua dawa hiyohiyo, akaiweka kwenye sehemu ndogo ya ngozi nzima ya mgonjwa, akafunika, akasubiri. Ugonjwa ukatokea tena, pale tu alipoweka dawa. Hapo ilionekana wazi kwamba kitu kinachomdhuru mtu kinaweza kuulizwa kwa ngozi yenyewe.

Kipimo hicho kinatumika hadi leo karibu kwa namna ileile. Munganga anabandika mgongoni vipande vidogo, kila kimoja na kitu chake: nikeli, kobalti, kromu, dawa za mpira, manukato, dawa za kuzuia pomadi isioze. Vinakaa siku mbili bila kulowana maji. Vikiondolewa, ngozi inasomwa siku hiyo, kisha inasomwa tena siku ya tatu au ya nne, na mara nyingine baada ya wiki, kwa sababu vitu vingine vinajibu polepole.

Kuna jambo ambalo waganga waliofundishwa kwa picha za ngozi nyeupe wanaweza kulikosa. Vitabu vingi vinasema alerji ni wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Panaweza kuonekana rangi ya zambarau, ya kijivu, au weusi kupita ule wa pembeni. Kwa hiyo kidole kinasaidia kuliko jicho: munganga anapapasa kutafuta uvimbe, ugumu na vipele vidogo. Na alerji ikiisha, inaweza kuacha alama nyeusi miezi mingi, alama ambayo mgonjwa anaiona kuwa ugonjwa wenyewe na kuanza kuitafutia dawa kali.

Damu au seli?

Kwa miaka mingi swali lilikuwa hili: kumbukumbu hiyo inakaa wapi mwilini? Jibu lilitoka kwa wanyama ambao familia nyingi za Kivu zinawafuga jikoni, yaani kobayi. Mwaka 1942, huko New York katika Taasisi ya Rockefeller, Karl Landsteiner, aliyekuwa amekwisha kupata tuzo ya Nobel mwaka 1930 kwa kugundua makundi ya damu, pamoja na mwenzake Merrill Chase, waliwafanya kobayi wapate alerji ya ngozi kwa dawa fulani. Wakachukua maji ya damu yao, wakawachoma kobayi wengine ambao hawajawahi kuguswa na dawa hiyo. Hakuna kilichotokea. Kisha wakachukua seli nyeupe, wakawachoma wengine. Hao wa mwisho, walipopakwa dawa kwa mara ya kwanza maishani mwao, walivimba kana kwamba wanaijua tangu zamani.

Kumbukumbu ilikuwa imehama pamoja na seli. Leo zinajulikana kwa jina la seli T, askari wa mwili ambao kwa kawaida wanapambana na virusi na ugonjwa kama kifua kikuu.

Lakini askari hao hawaishi wakichungulia ngozi yote. Kuna wapelelezi. Mwaka 1868, huko Berlin, mwanafunzi wa udaktari Paul Langerhans alipaka ngozi rangi ya dhahabu na kuona seli zenye matawi kama mti. Alidhani ni za neva. Ilipita karibu miaka mia moja kabla ya watafiti kuelewa kwamba ni seli za kinga: zinatandaza matawi yao katikati ya ngozi na kuonja kila kinachoingia.

Kwa hiyo kazi inakwenda hivi. Kitu kidogo sana, kama chembe ya nikeli au ya kromu, kinapenya ngozi. Peke yake ni kidogo mno, mwili haukioni. Kinajishikiza kwenye protini za mwili na kuzibadilisha sura. Seli ya upelelezi inaona protini hiyo yenye sura mpya, inaibeba, inasafiri nayo hadi kwenye tezi zilizo karibu, za kwapani au za kinena, na kuionyesha kwa seli T. Ile inayoitambua inaanza kuzaana. Baada ya siku kama kumi hadi kumi na nne kunakuwa na kikosi kizima, na sehemu ya kikosi hicho inabaki mwilini miaka na miaka. Wakati huo wote mtu haoni kitu. Ni mara itakayofuata, kitu kilekile kikigusa ngozi, ndipo kikosi kinafika na kuanza vita. Malengelenge na muwasho ni vumbi la vita hivyo.

Nikeli inapiga kengele ya uongo

Bado kulikuwa na fumbo. Mwili haupigani na kila kitu kigeni. Vinginevyo kila chakula kingekuwa ugonjwa. Ili seli za upelelezi ziite jeshi, zinahitaji pia dalili ya hatari. Nikeli inatoa wapi dalili hiyo?

Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walitoa jibu katika jarida la kisayansi Nature Immunology. Juu ya seli za kinga kuna kengele inayoitwa TLR4. Kazi yake ya kawaida ni kutambua sumu ya bakteria fulani na kuuamsha mwili. Watafiti hao waliona kwamba nikeli inajishikiza moja kwa moja kwenye kengele hiyo, mahali maalumu pa kengele ya binadamu, na kuilia kana kwamba bakteria wameingia. Panya hawana mahali hapo, ndiyo sababu tangu zamani ilikuwa vigumu kuwapa panya alerji ya nikeli. Walipowekewa kengele ya binadamu, nao wakaanza kupata alerji. Miaka miwili baadaye, utafiti mwingine ulionyesha kwamba kobalti nayo inalia kengele hiyohiyo.

Kengele na mpelelezi vilikuwa vimekwisha kukutana katika tuzo moja. Mwaka 2011 Nobel ya udaktari ilimwendea Bruce Beutler wa Marekani, aliyeonyesha kazi ya TLR4. Jules Hoffmann wa Ufaransa. Na Ralph Steinman, mzaliwa wa Canada, aliyegundua familia ya seli zenye matawi ambazo zinaongoza seli T. Steinman alikufa siku tatu kabla ya jina lake kutangazwa, na kamati ikaamua tuzo ibaki yake.

Kobalti ya Katanga

Kwa msomaji wa Kolwezi au Likasi, jina la kobalti si la maabara. Congo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Madini yaleyale yanayokwenda kwenye betri za simu na za magari ya umeme yamo pia kwenye orodha ya vitu ambavyo waganga wanabandika mgongoni. Mwaka 2016 chama cha waganga wa alerji za ngozi cha Marekani kiliichagua kobalti kuwa kitu cha mwaka cha kuangaliwa zaidi.

Huko Ulaya, alerji ya kobalti imejulikana kwa muda mrefu kwa wafanyakazi wa viwanda vya vyuma vigumu, ambako vumbi la kobalti linaruka wakati wa kusaga na kunoa. Jasho linayeyusha vumbi hilo, mikwaruzo ya mikono inalifungulia njia. Kobalti inapatikana pia katika rangi ya buluu ya vyungu, katika ngozi fulani za viatu, na mara nyingi inaandamana na nikeli katika mikufu na hereni.

Katika Katanga, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, wamepima kwa miaka mingi kiasi cha kobalti katika miili ya wakaaji. Mwaka 2018 walichapisha kazi yao juu ya Kasulo, kartye ya Kolwezi ambako watu walichimba madini hadi ndani ya viwanja vya nyumba zao. Mkojo na damu ya wakaaji wa Kasulo vilikuwa na kobalti nyingi kuliko ya wakaaji wa kartye jirani isiyochimbwa, na watoto walizidi. Vumbi linaloingia mwilini kwa kiasi hicho linakaa kwanza kwenye mikono, kwenye nguo na kwenye mikeka ya kulalia. Mama anayeosha mawe ya kobalti mtoni anaigusa kwa mikono iliyolowana siku nzima, na ngozi iliyolowana ndiyo inayopenywa kwa urahisi.

Rangi nyeusi ya nywele

Njia nyingine inapita saluni. Rangi nyingi za kufanya nywele au ndevu ziwe nyeusi zina kemikali inayoitwa PPD. Ni moja kati ya vitu vikali kabisa kwa alerji ya kugusa. Ulaya inaruhusu isizidi asilimia 2 katika rangi inayowekwa kichwani, na imekataza isipakwe kwenye ngozi. Lakini watu wanaichanganya na hina ili michoro ya mikono iwe myeusi na ikauke haraka. Msichana anapakwa kwenye harusi akiwa na miaka minane, anapata vipele vidogo, vinasahaulika. Akiwa na miaka ishirini anapaka rangi nywele kwa mara ya kwanza, na siku ya pili uso umevimba hadi macho hayafunguki. Ngozi ilikumbuka harusi.

Msusi naye anagusa rangi hiyo kila siku. Mteja anapaka mara moja kwa mwezi. Yeye anapaka wateja watano kwa siku.

Sheria iliyofanya kazi kuliko pomadi

Hakuna dawa inayofuta kumbukumbu hiyo. Pomadi za kortizoni zinatuliza vita, hazifukuzi askari. Ndiyo maana ushindi mkubwa haukutoka farmasi, ulitoka kwenye sheria.

Denmark ilikuwa ya kwanza. Kuanzia mwaka 1990 ilikataza hereni, saa na vifungo vinavyotoa nikeli nyingi kwenye ngozi. Hata wakaguzi walipata njia rahisi: pamba yenye maji ya kipimo inasuguliwa juu ya chuma, na ikigeuka rangi ya waridi, nikeli inatoka. Miaka iliyofuata watafiti waliwapima wasichana wa shule. Kati ya waliotobolewa masikio kabla ya sheria, karibu asilimia 17 walikuwa na alerji ya nikeli. Kati ya waliotobolewa baadaye, karibu asilimia 4. Umoja wa Ulaya ulichukua mfano huo mwaka 1994.

Kwa sima ilikuwa vilevile. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 viwanda vya Denmark na nchi jirani vilianza kuongeza ndani ya sima chumvi kidogo ya chuma, inayogeuza kromu sita kuwa kromu tatu, aina isiyopenya ngozi kwa urahisi. Alerji ya mafundi ikapungua. Kuanzia Januari 2005, sheria ya Umoja wa Ulaya inakataza kuuza sima ambayo, ikichanganywa na maji, ina kromu sita kupita sehemu 2 kwa milioni.

Chumvi hiyo ina udhaifu mmoja: inaisha nguvu kwa muda, hasa mfuko ukiingia unyevu. Kwa hiyo sheria hiyo inadai mfuko uandikwe siku uliyojazwa, namna ya kuutunza na muda ambao kinga hiyo inadumu. Sima iliyokaa mwaka mzima katika depo yenye unyevu inaweza kujenga ukuta, lakini haimlindi fundi.

Kinachoweza kufanywa leo

Kabla ya sheria kufika kwenye kila soko, mikono inaweza kulindwa. Waganga wa ngozi wanasisitiza kwanza kuizuia isipasuke: kunawa kwa maji safi mara tu kazi inapokwisha, kukausha, na kupaka vazelini au mafuta yasiyo na manukato. Kunawa kwa esanse ili kuondoa rangi au grisi kunaharibu ngozi vibaya na kufungua mlango ule ule. Glovu zinasaidia zikiwa nzima na ndefu. Sima ikiingia ndani ya glovu inakaa na ngozi saa nyingi, na hapo glovu inakuwa adui. Wengine wanapata alerji kwa dawa za mpira wa glovu zenyewe. Hao wanahitaji aina nyingine.

Kwa anayepata vipele vinavyorudi, swali la kwanza si «nipake nini?» bali «nimegusa nini siku tatu zilizopita?» Vipele chini ya kitovu vinasema juu ya chuma cha mukaba. Vya mkononi, pale saa inapokaa, vinasema juu ya saa. Vya juu ya mguu vinafuata umbo la kiatu. Vinavyopoa wakati wa likizo na kurudi na kazi vinasema juu ya kazi.

Hatari ya mwisho iko kwenye tubu ndogo zinazouzwa bila karatasi ya munganga. Nyingi zina kortizoni kali, zilezile ambazo wengine wanatumia kujichubua. Zikipakwa miezi, zinafanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Zikipakwa juu ya choa, zinakificha huku kikienea. Na aliyezipaka mgongoni hawezi kupimwa vizuri mpaka aache angalau wiki moja, kwa kuwa zinawanyamazisha askari ambao kipimo kinataka kuwasikia.

Fundi wa mwanzo wa habari hii hawezi kurudishiwa ngozi yake ya zamani. Anaweza kuhamia kazi ya mbao au ya kupanga vyuma, au kuendelea akiwa amejifunika vizuri. Kijana anayembebea maji ya kuchanganya bado ana ngozi isiyojua kitu. Yeye ndiye wa kupewa glovu kwanza, na wa kufundishwa kusoma tarehe kwenye mfuko kabla ya kuupasua.